Taka zetu zinatafuta kiwanda: maneno niliyoyasema Mpendae

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye kikao cha vijana wa chama, Mpendae, Unguja. Nimeyaandika karibu kama yalivyosemwa. Nilichopunguza ni marudio tu.)



Mada niliyopewa ina jina refu la kiofisi: "vivutio vya kiuchumi kwa biashara za urejelezaji taka katika mkoa". Mie nitaisema kwa lugha ya barazani. Tufanye nini ili mtu mwenye mashine na mtaji aje Mjini Magharibi anunue taka zetu, badala ya sisi kulipa zikamwagwe Kibele?

Najua wapo watakaosema: vijana wa upinzani wamekosa la kuzungumza, sasa wanazungumza mataka. Waacheni waseme. Katika mtaa huu wapo vijana waliomaliza skuli miaka mitano iliyopita na mpaka leo kazi yao ni kukaa barazani wakisubiri simu ya mtu. Na hatua ishirini kutoka barazani hapo lipo jaa lenye mali ndani yake. Mambo mawili haya tumeyazoea kuyaona kila moja kivyake. Leo nataka tuyaone pamoja.

Kwanza, tujue tuna nini

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Kati yao 893,169 wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Yaani karibu nusu ya Wazanzibari wote wamebanana kwenye kipande hiki cha ardhi. Juu ya hapo weka wageni: mwaka 2023 walioingia walipindukia laki sita. Kila mgeni anakunywa maji ya chupa, na siku hizi hata sisi wenyewe harusi na hitma ni katoni za maji.

Zamani taka za mji zilikuwa zikimwagwa Jumbi. Sasa zinapelekwa Kibele, Wilaya ya Kati. Kila gari inayokwenda huko inakula mafuta, inakula tairi na inalipa dereva, na ikifika inamwaga kila kitu pamoja: makopo ya alumini, chupa za plastiki, chupa za gilasi, makaratasi, maganda ya muhogo na makumbi ya nazi. Ardhi ya Unguja, ndugu zangu, ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji tunayokunywa yanatoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Tunachokizika leo tujue kinaweza kurudi kwenye ndoo.

Sasa vitazameni vitu hivyo kwa jicho la biashara. Kopo la alumini likiyeyushwa upya linatumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe yake. Ndiyo maana makopo hayakai jaani. Yanaokotwa asubuhi na mapema. Plastiki ya chupa za maji ina wanunuzi Dar es Salaam na nje. Gilasi ikisagwa inaweza kushika nafasi ya sehemu ya mchanga kwenye matofali ya kutandika njia, na nyote mnajua mchanga Unguja umekuwa adimu kiasi gani. Taka za sokoni zikioza vizuri ni mbolea.

Basi mali ipo. Kwa nini kiwanda hakiji?

Tunasafirisha hewa

Nitawaeleza nilichokiona mwenyewe. Tulikuwa kikundi cha watu saba hapa hapa Mpendae, tukaanza kukusanya chupa za plastiki. Mnunuzi mmoja, simtaji, alitupa bei, tukaona inalipa. Tukakodi chumba. Baada ya miezi mitatu chumba kimejaa mapolo mpaka darini. Tulipompigia simu, bei ikawa nyingine, chini ya nusu. Mwenye nyumba anataka chumba chake, mvua za masika zinaingia, tukauza kwa bei hiyo hiyo. Tulipogawana, wenzetu wanne hawakurudi tena.

Lakini sikuja kulalamika. Nataka tufahamu hesabu iliyotuangusha, kwa sababu ndiyo hesabu hiyo hiyo inayomkimbiza mwekezaji.

Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 20 hadi 25 hivi. Kupata kilo moja unahitaji chupa 40 hadi 50. Kupata tani moja unahitaji chupa zisizopungua 40,000. Na chupa isiyobanwa ndani yake ni hewa tupu. Ukizipakia kwenye chombo pale Malindi, mwenye chombo anakutoza kwa nafasi unayoijaza, lakini mnunuzi wa Dar anakulipa kwa kilo. Hapo katikati ndipo pesa yetu ilipopotelea. Tulilipa nauli ya hewa.

Dawa yake inajulikana duniani kote: mashine ya kubana, inayozigandamiza chupa zikawa marobota kama ya mitumba. Hapo lori lile lile linabeba uzito mara kumi. Lakini mashine hiyo kikundi cha watu saba hakiwezi kuinunua, na hata kikiinunua, haitapata kazi ya kutosha. Mashine inataka mtaa mzima, inataka mji.

Mwenye kiwanda naye ana khofu zake. Ya kwanza, malighafi chafu. Chupa iliyochanganyika na mchuzi na mchanga inamharibia kazi. Ya pili, malighafi isiyo na uhakika. Msimu wa wageni zinajaa, masika zinapungua, na mashine ikilala mkopo haulali. Ya tatu, vibali. Mara ZIPA, mara ZEMA, mara Manispaa, mara ZRA, kila mlango una fomu yake na foleni yake. Ya nne, mahali pa kuweka mzigo. Kiwanja mjini ni ghali, na kikiwa mbali, gharama ya gari inarudi pale pale.

Msamaha wa kodi pekee hautoshi

Serikali ikitaka kumvuta mwekezaji, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye msamaha wa kodi. Tuna maeneo huru ya uchumi Fumba na Micheweni. Tuna sheria mpya ya uwekezaji ya mwaka 2023. Sisemi ni mambo mabaya. Nasema yameshonwa kwa mwili wa mtu mwengine, mwenye hoteli au mwenye majumba ya kuuza. Urejelezaji ni biashara ya faida nyembamba. Msamaha wa kodi ya faida haumsaidii mtu ambaye faida yenyewe bado hajaiona.

Na marufuku pekee nayo haitoshi. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara, ambako marufuku ilianza Juni 2019. Tulikuwa mbele! Lakini hebu jiulizeni: baada ya marufuku ile, ni wasukaji wangapi wa vikapu vya ukili waliopata oda za kudumu? Kuzuia tuliweza. Kujenga biashara ya kushika nafasi ya kile tulichokizuia, hapo ndipo tulipolegea.

Wenzetu wamefanyaje? Jimbo la California, Marekani, tangu miaka ya 1990 lina kanda maalumu za masoko ya urejelezaji. Serikali za mitaa ndizo zinazoendesha kanda hizo. Mwenye kiwanda akiwa ndani ya kanda anaweza kupata mkopo wa riba nafuu na kusaidiwa vibali, kwa sharti kwamba kiwanda kitumie taka za humo humo jimboni. Yaani kivutio kimefungwa kwenye taka yenyewe: hutumii taka zetu, hupati.

Rwanda, serikali ilijenga kwanza kituo cha kuvunja vifaa chakavu vya umeme kule Bugesera, kwa fedha za mfuko wake wa mazingira, kisha ikakabidhi uendeshaji kwa kampuni binafsi. Mwekezaji alikuta paa na sakafu. Kenya nao, sheria yao ya taka ya mwaka 2022 inamtaka anayetengeneza bidhaa na vifungashio abebe dhamana hata baada ya bidhaa kutumika. Kwa hiyo mwenye kuuza maji ya chupa hawezi kusema chupa ikishatoka dukani si yake.

Na mkitaka mfano wa pwani yetu, ule ulikuja wenyewe kwa bahari. Mafundi wa Lamu, akiwemo fundi Ali Skanda, walijenga dau zima kwa plastiki iliyorejelezwa, likapambwa kwa ndara zilizookotwa fukweni, likaitwa Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka hapa Unguja. Watu walipiga picha sana. Mie nilichokiona ni kuwa ufundi wa kuchonga mtepe na jahazi umehamia kwenye plastiki bila ya kusubiri mtaalamu kutoka ng'ambo. Mafundi kama wale hapa tunao pia.

Tena hata hapa kisiwani kazi imeanza. Zanrec wanachukua taka za mahoteli. Chako wanageuza chupa za mahotelini kuwa taa na mapambo. Kwa hiyo hakuna wa kutwambia haiwezekani. Ila angalieni: wameanzia kwenye mahoteli, ambako taka ni nyingi, ni safi kidogo na mwenye hoteli analipa. Uswahilini kwetu nani ataanza?

Mambo matano tunayoyadai

La kwanza, uwanja na mashine ya kubana. Manispaa itenge uwanja wenye paa, uzio na umeme ndani ya mji, inunue mashine ya kubana, na vikundi vilipie kwa kilo vinazobana. Mashine ibaki mali ya umma. Mnunuzi mkubwa akija atakuta marobota, hatakuta mapolo ya hewa. Na kikundi chenye robota lililokaa mahali pakavu hakilazimiki kuuza kwa bei ya dhiki.

La pili, uhakika wa malighafi. Tuanze na pale ambapo serikali yenyewe ndiyo mwenye taka: masoko, skuli, hospitali, maofisi. Huko utenganishaji uwe ni amri, si ombi. Kisha Manispaa iingie mkataba na mwenye kiwanda: kila mwezi utapata kiasi hiki, safi. Na hapa Mpendae ni Manispaa ya Mjini, soko la Mwanakwerekwe ni Magharibi B, na jirani yao ni Magharibi A. Taka hazijui mpaka wa wilaya. Manispaa tatu zikae zifunge mkataba mmoja, kwa sababu kiwanda kimoja kinataka taka za zote tatu.

La tatu, pesa ya kivutio itoke kwenye safari ya Kibele. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndilo swali tutakaloulizwa: pesa mtapata wapi? Tuseme, kwa mfano tu, kupeleka tani moja Kibele kunaigharimu Manispaa shilingi 40,000. Kila tani inayonunuliwa na mrejelezaji ni shilingi 40,000 ambazo hazikutoka. Mpeni nusu yake anayeiokoa hiyo tani, kikundi na kiwanda wagawane. Manispaa inabaki na nusu nyengine. Hakuna kodi mpya, hakuna mkopo, hakuna msaada wa wafadhili. Lakini ili hesabu hii ifanyike, lazima Manispaa iseme hadharani tani moja inaigharimu kiasi gani kwa kweli. Hilo ndilo dai letu la mwanzo kabisa, na halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi moja ubaoni.

La nne, serikali iwe mteja. Kiwanda hakiishi kwa kupata malighafi tu, lazima kiuze. Manispaa inatandika matofali ya njia kila mwaka. Basi sehemu yake yawe na gilasi iliyosagwa, yakishapimwa ubora. Mapipa ya taka ya skuli yatoke kwenye plastiki yetu. Mbolea ya sokoni iende kwa wakulima. Oda ya miaka mitatu kutoka serikalini ina nguvu benki kuliko cheti chochote cha msamaha wa kodi.

La tano, dirisha moja na siku maalumu. Mtu apeleke karatasi zake mahali pamoja, ajibiwe ndani ya siku 30, ndiyo au hapana, kwa maandishi na kwa sababu. Tena dirisha hilo liwe kwa kikundi cha Mpendae chenye mashine ndogo sawa sawa na kwa kampuni kutoka Dubai.

Masharti, ili tusije tukalia

Kivutio bila ya sharti ni sadaka, tena sadaka kwa tajiri. Mwaka 2003 mji wa Cairo, Misri, uliwapa kazi ya taka makampuni ya nje. Kulikuwa na jamii ya wazoa taka, Zabbaleen, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba miaka na miaka na kurejeleza sehemu kubwa ya walichokizoa. Wakawekwa pembeni. Makampuni yakaweka mapipa barabarani, watu waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni hawakupenda, na hatimaye wale wale waliodharauliwa ikabidi warudishwe kazini. Mji ulilipa mara mbili kujifunza kitu ambacho wazoa taka wangeuambia bure.

Kwa hiyo masharti yetu ni haya. Wakusanyaji waliopo waandikishwe mwanzo, kabla mwekezaji hajaingia, na mkataba uwataje. Bei ya kununulia kwa kilo ibandikwe ukutani na isibadilike kabla ya notisi ya mwezi. Kila kivutio kiwe na mwisho wake, miaka mitatu kisha kitathminiwe. Mkataba uwe wazi, mwananchi ausome kwa sheha wake. Na taka ziwe zetu. Tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel umeweka masharti ya kusafirisha plastiki chafu na mchanganyiko kutoka nchi hadi nchi: lazima nchi inayopokea iridhie. Basi asije mtu akafungua kiwanda hapa kwa kivutio chetu, kisha akatuletea makontena ya mataka ya kwao.

Mzee mmoja hapa kaniuliza kabla ya kikao: biashara hii si ndiyo inayozaa wezi wa nyaya na mifuniko ya mitaro? Swali lake ni la haki, na mtaani tunawajua walioibiwa. Jawabu langu ni kwamba wizi unanawiri pale mnunuzi anaponunua gizani. Uwanja wenye mizani ya umma, daftari la majina na nambari za vitambulisho, na mnunuzi mwenye leseni ya kupoteza, unambana mwizi kuliko msako wa polisi wa siku mbili.

Mwengine kaniuliza: kwa nini tuwape fikra nzuri hizi walioko madarakani, wasije wakazichukua wakasema ni zao? Wazichukue! Taka haziulizi kadi ya chama. Mtaro ukiziba, maji yanaingia nyumba ya CCM na nyumba ya upinzani, na kipindupindu cha 2015 na 2016 hakikuchagua mlango. Wakizifanya vizuri, vijana wetu watapata kazi. Wakizifanya vibaya, tuna karatasi ya kuwaulizia. Hiyo ndiyo kazi ya upinzani.

Tunachofanya kuanzia kesho

Kila tawi lichague nyumba 20 zilizokubali. Kwa siku saba tupime: plastiki kilo ngapi, makopo kilo ngapi, gilasi kilo ngapi, zinazooza kilo ngapi. Mizani ya duka inatosha. Mwekezaji haji kwa hotuba, anakuja kwa takwimu, na kwa mtaa wetu takwimu hizo tutazitengeneza sisi.

Wakati huo huo tunaandika barua kwa diwani, nakala kwa sheha, kwa heshima na bila ya matusi, tukiuliza swali moja tu: tani moja ya taka ya Mpendae inaigharimu Manispaa shilingi ngapi mpaka inafika Kibele? Wale mnaojua kuandika vizuri bakieni baada ya kikao, barua iishe leo. Na nyinyi mama mnaouza vyakula, ambao makopo na chupa zinaanzia mezani kwenu, tunaomba wawili wenu waingie kwenye kamati, kwa sababu nyinyi mnajua kinachotupwa kuliko ofisa yeyote.

Tukikutana tena mwezi ujao, nataka tuwe na mambo mawili mezani: daftari la kilo zetu na jawabu la Manispaa. Jawabu likikosekana, tutaleta nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa, na tutaisoma hapa kwa sauti.

Sasa maswali, na tuanze na akina mama.